Kabla ya Kuchimba Msingi

Msimu wa karafuu ukiwa mzuri, jambo la kwanza linaloonekana vijijini kwetu ni malundo ya mchanga na matofali kando ya njia. Mtu amekwisha kupima karafuu zake na kupokea fedha zake, na fikira yake ya kwanza ni kuwajengea watoto wake nyumba. Fikira hiyo ni njema, nasi hatuna la kuilaumu. Tutakalo kusema ni kwamba wengi wetu twachimba msingi kabla ya kuijua nyumba yenyewe, na kabla ya kuijua ardhi tunayoichimba.

Na tuanze na ardhi. Kwa sheria ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na tulicho nacho sisi ni haki ya kuitumia. Zile eka tatu tatu walizopewa watu baada ya Mapinduzi ya 1964 zilitolewa kwa ajili ya kilimo. Kwa hiyo mwenye eka asidhani kuwa kila pembe yake ni kiwanja, wala mwenye shamba la urithi asidhani kuwa maneno ya baba mmoja yatosha ikiwa warithi ni wengi. Kabla ya yote, nenda kwa sheha, ukaulize ardhi yako imewekwa kwa kazi gani, na mipaka yake imepita wapi.

Wako watakaosema kuwa hayo ni mambo ya mjini. Basi tuutazame huo mji. Mji wa Unguja ulipangiwa ramani mwaka 1923, ukapangiwa tena 1958, tena 1968, na tena 1982. Ramani hazikukosekana. Lakini watu walikuja upesi kuliko viwanja vilivyopimwa, wakajijengea walipopata, na leo ziko mitaa ambayo gari ya wagonjwa haifiki mlangoni, na maji ya mvua hayana pa kupita ila ndani ya nyumba za watu. Minazi na mikarafuu iliyokuwa kando ya mji imegeuka mitaa. Hatupendi kuyaona hayo Wete, Chake Chake na Mkoani, wala katika mashamba yanayoizunguka.

Sisi wakulima tuna sababu yetu ya pekee ya kulitazama jambo hili. Nyumba zetu ni nyumba za chini, hazina ghorofa, nazo zafaa kwa wazee wetu na watoto wetu. Lakini nyumba ya chini hutambaa. Mikarafuu ikipandwa kwa nafasi ya mita 8 kila upande, kila mti una mita 64 za mraba. Nyumba ya mita 12 kwa 14 ni mita 168, yaani zaidi ya nafasi ya miti miwili. Ongeza ua, choo na njia ya kuingilia, hata eneo lifike mita 20 kwa 20, nawe umekwisha chukua nafasi ya miti sita. Mkarafuu hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa vizuri, kisha humfaa mtu na mjukuu wake. Tena haukatwi bila ya ruhusa. Atakayeukata ili apate sebule amejenga kwa fedha za mjukuu.

Basi yafaa nyumba ipangwe kwenye karatasi kwanza. Chagua pahala pasipo na miti, au penye miti iliyokwisha kufa, palipoinuka kidogo. Usijenge bondeni. Bonde ni la mpunga, na maji ya masika huijua njia yao hata ukiiziba. Andika ni vyumba vingapi mnavyovihitaji leo, na ni vingapi mtakavyovihitaji wana wakioa. Jenga vya leo, na uache nafasi ya vya kesho katika ramani ile ile, ili siku ya kuongeza chumba usizibe dirisha la chumba cha zamani, wala usiingie kwa jirani.

Sakafu ya kuanikia karafuu nayo ni sehemu ya nyumba ya mkulima, ingawa aghalabu hatuikumbuki mpaka nyumba imekwisha. Iwekwe pahala ambapo kivuli cha ukuta hakifiki asubuhi wala alasiri, na maji ya paa hayaimwagikii. Iwe karibu na chumba cha kuwekea, maana wingu la ghafula halimngoji mtu akusanye majamvi. Na maji ya paa yasipotee bure: paa la mita 150 za mraba, ikinyesha mvua ya milimita 10, hupokea kama lita 1,500. Choo na karo viwe upande wa chini wa kisima, na mbali nacho. Mita 30 ndizo zinazoshauriwa mara nyingi. Kisima cha jirani nacho kihesabiwe kama chako.

Ramani ikiwa tayari, ndipo kiombwe kibali cha kujenga. Uliza nyumba ikae umbali gani na njia, na umbali gani na mpaka wa jirani, na jibu uandikiwe. Tunamjua mwenzetu mmoja aliyejenga msingi kwa fedha za misimu miwili. Siku moja akaja mtu na rangi nyekundu, akautia alama, kwa kuwa umeingia katika njia. Ni kweli kuwa mwenzetu huyo alikwenda katika ofisi moja kabla ya kuanza, akaambiwa kwa mdomo kuwa hapana neno. Lakini neno la mdomo halikuwa na karatasi, na aliyelisema hakuonekana tena. Msingi ule upo hadi leo, umeota majani, na watoto wangali katika chumba cha shangazi yao.

Kwa sababu hiyo hatutaki lawama zote ziwe juu ya mkulima. Kanuni ambayo mtu haioni hawezi kuifuata. Tunawaomba wenye mamlaka ya mipango waiandike kwa Kiswahili chepesi, na ibandikwe kwa kila sheha. Tunawaomba pia watumishi wao wafike vijijini wakati wa msimu, kwa maana fedha ya karafuu haikai mfukoni ikingoja barua. Mtu akizungushwa miezi mitatu, saruji huganda na mabati hupanda bei. Naye atajenga usiku.

Na Chama chetu kina wajibu wake. Twaona ingefaa kiwe na ramani mbili tatu za nyumba za chini, zilizochorwa na fundi anayejua kazi na kuonyeshwa kwa wenye mamlaka, ili mwanachama aanzie hapo badala ya kuanzia katika mchanga. Gharama yake ikigawanywa kwa wanachama wote, itakuwa ndogo kuliko msingi mmoja uliovunjwa.

Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza kuwa asiyepima kwanza atajenga mara mbili. Msimu huu, kabla ya kuagiza tofali la kwanza, kaa na mkeo, au na mumeo, na watoto wakubwa, mchore nyumba yenu. Kisha mwende kwa sheha. Mwanachama mwenye rai nyingine na atuandikie; nafasi ipo.