Usiuze CDI kabla hujauliza maswali manne

Wauzaji wenzangu wa spea mtandaoni, leo tuambizane ukweli.

Mteja yuko Bagamoyo, anaandika inboksi: "Boss, una CDI ya CG?" Unamjibu: "Ipo, tuma hela naipakia kwenye gari." Biashara imeisha. Kesho yake anapiga simu, pikipiki bado haiwaki. Unamtumia ile sentensi yetu: vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi.

Maoni yangu ni kwamba sentensi hiyo ni haki ya muuzaji aliyeuliza kwanza. Kama hukuuliza, umemuuzia mtu bahati nasibu. Na wengi wao ni vijana wa boda wa mkataba. Pikipiki ikilala, hesabu ya tajiri hailali.

CDI ni kile kiboksi kinachohifadhi umeme kwenye kapasita, mamia ya volti, halafu koili ya pulsa ikitoa ishara kinauachia kwenda kwenye koili ya plagi. Njia hiyo ina vituo vingi, kimoja kikikatika plagi haitoi moto. Ila lawama inaangukia CDI kwa sababu ndiyo rahisi kuchomoa.

Kwa hiyo uliza:

1. Umejaribu plagi nyingine? Aishikize kwenye chuma cha injini, mbali na petroli, apige kiki. Asipige kiki kofia ikiwa inaning'inia bila plagi, umeme ukikosa njia unaweza kuua koili au CDI yenyewe.

2. Umechomoa waya wa kuzimia? Kwenye Honda CG na nakala zake nyingi za Kichina ni mweusi wenye mstari mweupe. Ukigusa bodi popote, moto haupatikani. Auchomoe pale kwenye CDI. Moto ukirudi, kosa liko kwenye swichi au waya. Ajue tu kwamba hapo funguo haitazima injini.

3. Umesafisha soketi na waya wa ethi? Huku pwani, kuanzia Bunju, Mapinga hadi Mlingotini, hewa ina chumvi. Pikipiki inayobeba samaki ndiyo kabisa, pini zinaota kutu ya kijani. Kukwangua ni bure.

4. Ya zamani ni ya AC au DC? Ya AC inakula umeme wa magneti, ya DC inakula wa betri. Soketi zinaweza kufanana kabisa na bado isifanye kazi. Omba picha ya ile ya zamani, maandishi yake na upande wa pini.

Akikuambia "inawaka asubuhi, ikipata joto inazima, ikipoa inawaka", usikimbilie kusema CDI. Pulsa na koili nazo hufanya hivyo hivyo, zipimwe kwa mita zikiwa na joto. Kipimo kizuri zaidi ni kuazima CDI ya pikipiki ya aina ileile pale kijiweni, kwa dakika chache tu.

Na kutengeneza je? CDI ya CG mpya imejaa Kariakoo, hakuna haja ya kuipasua. Lakini kwa pikipiki kuukuu ambayo spea zake zimepotea sokoni, fundi redio mvumilivu anaweza kukwangua ile gundi ngumu ya ndani, akarudishia lehemu iliyopasuka au akabadilisha kapasita. Mwambie mteja hivyo, hata kama siku hiyo humuuzii kitu.

Najua utasema: "Nikiuliza sana mteja atahamia kwa mwingine." Wapo watakaohama. Ila yule uliyemponya kwa kusafisha soketi atarudi kununua tairi, cheni na breki, na kijiwe chake chote kitapata namba yako. Yule uliyemuuzia CDI isiyohusika naye atakutangaza, ila kwa namna nyingine.

Kazi yenyewe ni ndogo. Andika maswali haya kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business, yatume kabla ya kutaja bei. Akishajibu yote na bado anaitaka, muuzie. Hapo masharti yako ya kutorudisha yana heshima.

Wewe unauza nini, chaja, blenda, simu? Swali lako la kwanza kwa mteja ni lipi? Tuandikie kwenye komenti, wenzako wajifunze.