Sababu gani Mr. Bean angali anatuchekesha, na vichekesho vyetu vinasahaulika?

KIRUNGU – Imepita miaka karibu 30 tangu vipindi vya Mr. Bean vimalizike kwenye televizyo ya Uingereza. Lakini huku kwetu, kuanzia bandari ya Moba mpaka juu Kirungu, mtoto ambaye alikuwa hajazaliwa wakati ule anamtambua mara moja yule bwana wa koti la kahawia na tai nyembamba nyekundu. Hajui jina la mwigizaji, hajui hata neno moja la Kiingereza. Anacheka tu.

Wengi wanafikiri mchezo huu una vipindi mamia. Sivyo. Kipindi cha kwanza kilipita tarehe 1 Januari 1990, na mpaka 1995 vilitengenezwa 15 peke yake. Filimu mbili na katuni vilifuata baadaye. Vipindi 15 vimezunguka dunia nzima, kisha vikafika kwetu kwa kaseti, kwa diski, na sasa kwa simu, mtu anamkopishia mwenzake. Nguvu yake inatoka wapi?

Jibu la kwanza liko katika namna mchezo wenyewe ulivyopangwa. Mwigizaji, Rowan Atkinson, alisomea mambo ya umeme kwenye chuo kikuu cha Oxford. Mwaka 1987 alipeleka mchezo huu kwenye tamasha la vichekesho la Montreal, Kanada. Huko kulikuwa jukwaa la Kiingereza na jukwaa la Kifaransa. Yeye Mwingereza aliomba apande kwenye lile la Kifaransa. Alitaka kujua kama watu wasiosikia lugha yake watacheka. Walicheka. Kwa hiyo, si bahati kwamba Mr. Bean anaeleweka Kirungu. Tangu mwanzo alitengenezwa kwa ajili ya mtu asiyejua Kiingereza.

Na hapa kwetu jambo hilo lina uzito. Katika familia moja unaweza kukuta bibi anayezungumza Kitabwa, baba wa Kiluba, watoto wa Kiswahili wanaofundishwa Kifaransa masomoni. Filimu nyingi zinamwacha mmoja wao nje: kama si bibi, ni watoto. Mbele ya Mr. Bean wote wanakuwa sawa, hakuna anayehitaji mkalimani. Tena kipindi ni kifupi. Hata betri ya simu ikibaki kidogo, mtaona mwisho wake.

Jibu la pili ni kwamba mambo yanayompata tunayajua. Katika kipindi cha kwanza kabisa anaingia kwenye mtihani, anakuta maswali si yale aliyojitayarishia, anaanza kuchungulia karatasi ya jirani. Mwanafunzi gani aliyepita mtihani wa Serkali asiyejua jasho lile? Katika kipindi kilekile yuko kanisani, mahubiri yanakuwa marefu, usingizi unamshika, anaanguka mbele ya watu. Huku Kirungu, ambako Mapadri Weupe walijenga misheni tangu 1893, hakuna haja ya kueleza usingizi wa kanisani. Mr. Bean si tajiri wala mjanja. Ni mtu anayeogopa kuaibika mbele ya wenzake, na kila akijaribu kuficha aibu inazidi.

Lakini kicheko hiki kina mpaka wake. Mr. Bean anapigana na vitu: gari, mlango, koti, kiti. Hapigani na mkubwa anayekula feza za barabara. Hana neno juu ya askari anayesimamisha watu njiani, ao juu ya chefu anayehukumu kesi kwa kuangalia mfuko. Asiyesema anaeleweka kila pahali, lakini hawezi kumwambia mtu yeyote ukweli wa pahali fulani. Kwa kazi hiyo inahitajika lugha ya watu wa pale.

Na sisi tulikuwa na watu waliofanya kazi hiyo. Wakati jimbo letu lilikuwa bado sehemu ya Katanga, iliyoitwa Shaba enzi za Mobutu, kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilikuwa linachekesha watu kwenye redio na televizyo, kwa Kiswahili kilekile tunachozungumza sokoni. Mwaka 1986 kundi hilo lilichukua msemo kwamba utawala unaliwa mzima, likaujadili, kisha likautengenezea mchezo mzima juu ya kijiji na chefu wake. Mchezo huo ulipita kwenye televizyo wakati wa chama kimoja. Watu walicheka, na kila mmoja alijua anacheka nini.

Leo, kijana wa Kirungu akitaka kuona Mr. Bean, anaomba rafiki amtumie. Akitaka kujua kundi la Mufwankolo lilisema nini mwaka 1986, sherti atafute kitabu cha mwanaantropolojia Johannes Fabian, kilichochapishwa Marekani mwaka 1990. Ndani yake maneno ya waigizaji yaliandikwa kwa Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Maneno yetu yanakaa katika kitabu cha wageni, na Mwingereza asiyesema anakaa katika simu zetu.

Kumlaumu Mr. Bean hakufai. Tumwige. Waliomtengeneza walifanya vipindi vichache, wakavitunza vizuri, wakaachilia vizunguke. Vijana wa Moba na Kalemie wana simu zinazopiga video, na redio za hapa zina mafasi jioni. Mchezo wa dakika kumi juu ya kesi ya shamba, juu ya mtumbwi uliojazwa kupita kiasi, ao juu ya mshahara unaofika nusu, hauhitaji studio ya London. Unahitaji watu watano wanaojua kuchekesha, na mmoja atakayetunza kazi yao ili mtoto aione baada ya miaka 30.

Bila hiyo, watoto wetu wataendelea kucheka sana, lakini hawatajua kucheka yale yanayowaumiza.