SELI SHINA: USIHARAMISHE USICHOKIJUA



Ndugu yangu Muislamu, ile sauti inayozunguka WhatsApp ikisema tiba ya seli shina ni haramu yote, wewe umeisambaza. Je, umemfikiria mzazi mwenye mtoto wa selimundu, aliyeshauriwa na daktari mwanawe apandikizwe uboho wa ndugu yake? Uboho huo ndio wenye hizo seli shina! Hapo kimeharibiwa kiinitete gani?

Tutenganishe mambo. Kutengeneza kiinitete maabara makusudi ili kichukuliwe seli, au kutoa mimba kwa ajili hiyo, Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, lilikataza mwaka 2003. Na asikuhadae mtu kwamba kabla ya siku 120 roho haijapulizwa, basi ni kitu cha kuchezea. La hasha.

Lakini baraza hilo hilo likaruhusu seli za mtu mzima aliyeridhia, za kondo la nyuma na za damu ya kitovu. Kitovu ambacho sisi tunakifukia tu! Paris, mwaka 1988, damu ya kitovu cha mtoto mchanga ilipandikizwa kwa kaka yake mgonjwa wa damu, akapona.

Huko Japani, Shinya Yamanaka mwaka 2006 alichukua seli za kawaida za panya, akazirudisha zikafanana na za kiinitete. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za ngozi ya binadamu. Wenzetu wanatafuta njia isiyogusa kiinitete. Wewe unafunga hata mlango ambao wanazuoni wameuacha wazi?

Ifute ile sauti. Na kama ulimtumia mwenye mgonjwa, mpigie leo, umwambie arudi kwa daktari.

Wallahu a'lam.