Daraja Liteleze, Mfanyakazi Asiumie



Treni ya mizigo ikipita Malaba kuingia Uganda, msafiri hutazama reli na boriti za daraja tu. Sisi wa njia ya reli twajua kuwa chini kuna beringi, yaani kikalio ambacho boriti imekalia juu ya nguzo. Twasema habari zake leo kwa sababu afya yetu imo ndani yake.

Chuma hurefuka kikipata joto. Boriti ya mita 30, joto lake likizidi kwa digrii 30, hurefuka karibu milimita 11, na usiku hurudi. Kwa hiyo upande mmoja hufungwa, na wa pili huachwa uteleze. Ukikataa kuteleza, nguvu yote huiendea nguzo, nayo hupasuka.

Zamani chuma kililazwa juu ya chuma kwa grisi. Grisi ikikauka, mzigo wa tani 100 wataka kusukumwa kwa nguvu ya tani 30 au zaidi. Siku hizi madaraja mengi hutumia plastiki nyeupe iitwayo PTFE, ambayo wengi waijua kwa jina la Teflon, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1938. Ikikutana na bamba la chuma kisichoshika kutu, lililong'arishwa kama kioo, na grisi ikiwamo, tani 5 hivi zatosha.

Plastiki hiyo ni laini, basi huzamishwa nusu katika chuma isije ikatambaa. Adui yake ni mchanga, maana hukwaruza bamba na kuila plastiki. Kwa hiyo kichwa cha nguzo kifagiliwe, na bamba linalong'aa lisipakwe rangi.

Lakini adui ya mfanyakazi ni moto. PTFE ikichomwa sana hutoa moshi wa sumu. Hata vumbi lake likishika sigara, mvutaji huvuta sumu hiyo. Baada ya saa chache hushikwa na homa, kutetemeka na kubanwa kifua. Hapa kwetu Busia, nchi ya mbu, nani hatasema ni malaria? Atameza dawa ya malaria, apate nafuu, kisha arudi kwenye moshi ule ule.

Mara nyingi mtu wa gengi hupewa ufagio na kopo la grisi bila kuambiwa neno. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe maelezo na mafunzo. Basi twadai mambo matatu:

1. Kila gengi lielezwe beringi imetengenezwa kwa kitu gani kabla ya kuishika.
2. Fundi wa kuchomelea au kukata chuma kwa moto asiikaribie mpaka plastiki iondolewe au ikingwe na joto.
3. Pawe na maji na sabuni, na sigara ziachwe mbali na kazi.

Na wewe ndugu, ukishikwa na homa baada ya kazi ya namna hii, mwambie daktari ulichokuwa ukifanya, kisha umjulishe mjumbe wako wa chama. Daraja limewekewa kitu cha kulipunguzia taabu. Mwenye kulitunza naye anastahili vivyo hivyo.