Insha ya ufadhili si ombi la sadaka

Matokeo ya KCSE yakishatoka, mlango wangu haukosi mgeni. Kijana huja na fomu ya ufadhili mkononi: "Ami, hebu nisomee hii insha." Nyingi zaanza kwa sentensi moja: mimi ni mtoto wa familia maskini. Moja nimeiona mara tatu, neno kwa neno, majina tu yamebadilishwa. Imetoka saiba, yauzwa pamoja na kupiga chapa.

Siwalaumu. Wamezoea fomu za basari, za NG-CDF na za kaunti, zinazouliza kama wazazi wako hai na wana kazi gani. Mfumo wa kufadhili vyuo vikuu ulioanza 2023 nao hupima uhitaji wa familia. Kijana ameelewa kwamba anayelia zaidi ndiye apataye.

Lakini insha ni kitu chengine. Anayeomba vyuo vya Marekani kupitia Common Application hupewa maneno yasiyozidi 650. Alama zake huonekana pengine, na mapato ya nyumbani yana fomu yake. Maneno hayo ni ya kueleza yeye ni nani.

Hapo ndipo sisi wa Pwani hukwama. Tumelelewa kwa sitara: ya nyumbani hayatoki nje, na kujisifu ni aibu. Mtoto anayeambiwa ajieleze kwa mtu asiyemjua huona njia mbili tu: kumwanika mamake, au kuazima hadithi ya saiba.

Binti mmoja wa mtaani kwetu aliandika kuwa mamake ni "mjane asiye na kazi". Mama huyo huamka saa tisa usiku kukanda mahamri! Nikamuuliza: na wewe wafanya nini? "Mimi naandika tu daftari la madeni." Kumbe tangu darasa la saba ndiye ajuaye nani kakopa, nani akumbushwe, na nani asamehewe Ramadhani ikiingia. Unga ulipopanda bei, ndiye aliyepiga hesabu na kumwonyesha mamake kuwa faida imekwisha.

Nikamwambia, andika hilo. Aliandika, kisha akamsomea mamake kabla ya kutuma. Mama hakuona mahali alipovuliwa nguo. Majibu bado, lakini ile insha ni yake.

Kwa hivyo nina maombi mawili. Wafadhili, uhitaji upimeni kwa stakabadhi. Msimlazimishe mtoto kulia kwa kalamu. Wazazi nao, mwana akija kuuliza aandike nini, msimtume saiba. Kaeni naye kitako, mkubaliane lipi la kusemwa na lipi libaki ndani. Mara nyingi linaloweza kusemwa ndilo lenye nguvu: kazi aliyoifanya mtoto huyo huku sisi tukidhani anasaidia tu.