Msiniambie Mpira Si Siasa

Nimechoka kuambiwa mpira na siasa havichanganyiki. Basi nielezeni Rumbalara, klabu ya Waaborijini huko Shepparton, mji wa mashambani Victoria, Australia. Wanacheza futiboli ya Kiaustralia, ile ya mpira wa umbo la yai.

Wazee wao walicheza Cummeragunja, kambi ambayo wakazi wengi waliihama 1939 wakipinga manyanyaso. Doug Nicholls, mtoto wa huko, alikataliwa na klabu ya Carlton kisa rangi yake. 1976 akawa gavana wa South Australia. Na bado Rumbalara walibisha hodi ligini miaka na miaka, wakafunguliwa 1997.

Siasa iliingizwa uwanjani na aliyefunga mlango. Aliyebisha alitaka tu kucheza.