Faili ni Mali ya Aliyeliandika

Iko hoja moja ambayo nimeisikia mara nyingi, na kila niisikiapo hunikera. Yasemwa kwamba mtu anayetumia mfumo endeshi mdogo, usio wa kampuni kubwa, amejitenga mwenyewe. Basi asilalamike akishindwa kuyafikia mafaili yaliyomo katika kompyuta ya mwenziwe. Anunue kile wanachotumia wote. Ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho.

Mimi naikataa hoja hiyo. Inamfaidi muuzaji, haimfaidi mtumiaji.

Niliwahi kufanya kazi katika ofisi ambayo kompyuta zake hazikuwa za aina moja. Muuzaji mmoja alitushauri tuzitupe zile zilizotumia mfumo mdogo, ati haziwezi kusoma daftari la mapato lililokuwa katika mashine kubwa. Kompyuta hizo zilikuwa nzima, na waya wa mtandao ulikuwa umekwisha kuunganishwa. Kilichokosekana ni lugha tu: mashine moja haikujua namna ya kuiomba nyingine faili.

Wapo watakaosema, nakili faili katika diski umpelekee mwenzio. Haya, nimempelekea, sasa daftari yamekuwa mawili. Yeye ameongeza malipo ya Jumatatu katika lake, nami nimesahihisha jumla katika langu. Lipi la kweli? Kushirikiana mafaili kwa mtandao kuna maana kwamba faili ni moja, liko mahali pamoja, na kila mwenye ruhusa hulifikia hapo lilipo. Wawili wakilifungua kwa pamoja, seva humpa wa kwanza kufuli, na wa pili huambiwa angoje au asome tu.

Sikatai kwamba kuufundisha mfumo mdogo lugha hiyo ni kazi. Katika Linux, faili liitwalo “Barua” na jingine liitwalo “barua” ni mawili tofauti; katika Windows hilo ni faili moja. Ruhusa nazo hupangwa kwa namna tofauti kila upande. Mwenye kuandika programu hiyo hana budi kuwa mkalimani wa desturi mbili. Lakini ugumu wa kazi si sababu ya kuiacha.

Tazama mfano wa Linux yenyewe. Toleo lake la kwanza, la Septemba 1991, lilikuwa kitu kidogo cha mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, na halikuwa na mtandao kabisa. Mwishoni mwa mwaka huohuo, huko Canberra, Australia, mwanafunzi mwingine, Andrew Tridgell, alitaka kompyuta yake ya DOS iyafikie mafaili yaliyokuwa katika mashine ya Unix. Hakuwa na kitabu cha kumwongoza. Alitazama ujumbe uliopita katika waya, swali na jibu, mpaka akaelewa. Mwezi wa Januari 1992 akaitoa programu yake bure, na baadaye ikaitwa Samba. Njia hiyo aliifananisha na mtu anayejifunza Kifaransa kwa kukaa mkahawani akiwasikiliza wateja. Nasi tunaijua. Wangapi wamejifunza Kiswahili sokoni, kwa kusikiliza bei na matusi, bila kumwomba mtu kibali?

Lakini kwa nini mtu alazimike kutega sikio? Kampuni ya Sun ilipobuni itifaki yake ya kushirikiana mafaili, NFS, maelezo yake yalichapishwa hadharani mwaka 1989, na aliyetaka akayasoma. Itifaki ya SMB ilianzia IBM mapema miaka ya 1980, kisha Microsoft wakaiendeleza, na kwa miaka mingi sehemu zake muhimu zilibaki siri. Mwezi wa Machi 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiamuru itoe maelezo yanayoziwezesha seva za wengine kuzungumza na Windows. Kampuni ikakata rufaa, ikashindwa Septemba 2007. Desemba mwaka huohuo wenye Samba waliyapata maelezo hayo kwa ada ya euro 10,000, kupitia taasisi iliyoundwa kwa kazi hiyo. Karibu miaka kumi na sita tangu Tridgell aanze kusikiliza!

Wapinzani wana neno jingine: kufungua mlango kwa jirani ni kumkaribisha mwizi. Watautaja mwezi wa Mei 2017, wakati virusi vya WannaCry vilipopita katika ufa wa toleo la kwanza la SMB, hata hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Ni kweli. Lakini ufa ule ulikuwa katika Windows, mfumo ule ule tunaohimizwa sote tuununue. Funzo lake ni kwamba toleo la zamani lifungwe na jipya litumike. Mtengenezaji wa mfumo mdogo asikimbilie toleo lile la kale kwa kuwa ni jepesi kuliandika.

Nina neno kwa watengenezaji hao pia. Wengine hutumia miaka wakiremba madirisha na rangi, huku ushirikiano wa mafaili ukisubiri “toleo lijalo”. Wengine hubuni itifaki yao wenyewe, nzuri ajabu, isiyojulikana na jirani hata mmoja. Mtumiaji ana bosi, ana karani mwenziwe, ana mafaili ya miaka kumi katika mashine nyingine. Msimletee pambo kabla hamjampa njia ya kuyafikia.

Wakubwa na wachapishe lugha zao, na wadogo wajifunze kuzisema. Faili ni mali ya aliyeliandika. Asilazimishwe kununua mashine mpya ili aruhusiwe kulisoma.